Kitambulisho Chako Si Karatasi ya Kufungia Mandazi

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wafanyabiashara, wakulima wa majani chai, vikundi vya akina mama na waendeshaji bodaboda wa Kebirigo. Tumeyachapisha karibu jinsi yalivyozungumzwa ili wale ambao hawakufika wayasome, na waliofika wawasomee wa nyumbani.

Wazee wetu, akina mama, vijana wa bodaboda mlioacha pikipiki hapo nje na kuziangalia kwa jicho moja, nawashukuru kwa kufika. Najua kila saa mnayokaa hapa ni saa ambayo kibanda kimefungwa au majani hayajachumwa. Kwa hivyo sitawachosha na maneno ya kompyuta. Nimekuja na kipande kimoja cha karatasi.

Karatasi hii niliipata wiki iliyopita nikiwa safarini. Nilinunua mandazi mawili kando ya barabara, na mama aliyeniuzia akachomoa karatasi kwenye rundo lake, akanifungia. Nilipomaliza kula nikaikunjua, kwa mazoea tu. Ilikuwa kopi ya kitambulisho. Picha ya mama wa makamo, majina yake yote matatu, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipozaliwa. Chini yake alikuwa ameandika kwa kalamu nambari yake ya simu, na ya mumewe.

Nimefuta maandishi yote kwa wino mweusi kabla ya kuileta hapa, na tukimaliza nitaichoma. Lakini hebu fikirini safari ya karatasi hii. Mama huyu alikwenda mahali kuomba kitu: mkopo, nafasi ya mtoto shuleni, au pengine kazi. Akaambiwa alete kopi, akaileta. Shughuli ikaisha, kopi ikawekwa kwenye sanduku. Sanduku likajaa, likauzwa kwa kilo pamoja na magazeti. Sasa maisha yake yamefungia mandazi yangu.

Simlaumu muuza mandazi, yeye alinunua karatasi. Nataka tuone jambo moja: mara nyingi tapeli havunji mlango. Sisi wenyewe tunampa vipande, kimoja hapa, kingine pale, naye kazi yake ni kuviunganisha. Kwa hivyo leo tutazungumza kuhusu vipande hivyo: vile vilivyo vyako, na vile vya watu wengine ambavyo wewe umeshika.

Tapeli anayejua jina lako

Nina shangazi yangu, mchumaji majani kwa miaka mingi. Mwaka mmoja, msimu wa bonasi, alipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole. Alimwamkua vizuri kama mtoto wa nyumbani. Akamtajia majina yake matatu, akamtajia nambari yake ya mkulima na nambari yake ya kitambulisho. Akamwambia, “Mama, bonasi yako ina shida kidogo upande wa laini, tunataka kulinganisha. Nitajie ile PIN yako ili mfumo uikubali.”

Shangazi si mjinga. Mtu asiyemjua angempigia na kumwomba PIN, angemkatia. Lakini huyu alikuwa na kila kitu. Alichokosa ni tarakimu nne tu, na shangazi akampa.

Baada ya muda mfupi simu yake ikapoteza mtandao. Ilikuwa inanyesha, akadhani ni mvua. Kumbe laini yake ilikuwa imehamishwa kwenye kadi nyingine, mikononi mwa mtu mwingine. Siku hiyo alikuwa amehamisha shilingi 32,000 kutoka akaunti yake hadi M-Pesa ili alipe karo. Jioni hazikuwepo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuambia mtu yeyote kwa wiki tatu. Aliona aibu. Mtoto alipofukuzwa shuleni kutafuta karo, alimwambia bonasi imechelewa. Sisi tulijua ukweli baadaye sana, wakati hakuna kitu kingeweza kufuatiliwa.

Hatukuwahi kujua zile nambari zilitoka wapi. Pengine ni karatasi ya malipo aliyoitupa. Pengine ni daftari alilojiandikisha mahali. Lakini kuna funzo ambalo nawaomba mlishike: mtu kujua jina lako na nambari ya kitambulisho chako haimaanishi kwamba ametoka ofisini. Inamaanisha tu kwamba ameokota karatasi.

Kosa langu mwenyewe

Sasa niwaambie jambo ambalo afisa wa habari hapendi kulisema mbele ya watu.

Kabla sijafika hapa nilifanya kazi katika ofisi nyingine ya umma. Tulikuwa tumetoa basari, na wakubwa walitaka wananchi waone kwamba pesa zimewafikia wenyewe. Ni jambo zuri. Nikaletewa orodha, nami nikaichapisha vile ilivyokuja: jina la mwanafunzi, shule, kiasi, jina la mzazi, nambari ya kitambulisho ya mzazi na nambari ya simu. Tukaibandika kwenye ubao wa matangazo na kuiweka kwenye ukurasa wetu wa Facebook. Nilipongezwa kwa uwazi.

Siku ya tatu baba mmoja alifika ofisini akiwa na simu mkononi. Alikuwa amepigiwa na mtu aliyejiita karani wa basari. Mtu huyo alijua jina la binti yake, shule yake, na kiasi alichopewa, hadi shilingi ya mwisho. Akaambiwa kuna ada ya shilingi 1,500 ya kutoa hundi. Akaituma, na sasa alikuwa amekuja kuichukua hundi.

Nilipomuuliza kwa nini aliamini, alinijibu, “Nilijua ni ofisi kwa sababu alijua mambo ambayo ni ofisi peke yake inayajua.”

Sikuwa na jibu. Mambo hayo ni mimi niliyeyatangaza. Niliiondoa orodha siku hiyo hiyo, lakini watu walikuwa wameshaipiga picha na kuisambaza kwenye WhatsApp, na picha iliyosambaa hairudi. Baba yule hakuwa peke yake aliyepigiwa.

Tangu siku hiyo, orodha ikiletwa kwangu naiuliza swali moja: mwananchi anahitaji kuona nini ili ajue pesa zimetumika vizuri? Anahitaji jina, wadi au shule, na kiasi. Nambari ya kitambulisho na nambari ya simu hazimsaidii mwananchi, zinamsaidia tapeli.

Sheria inasema nini

Wengine mtasema hizi ni heshima tu. La, ni sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na haki ya habari za familia yake na mambo yake binafsi kutoitishwa au kufichuliwa bila sababu. Mwaka wa 2019 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data, na mwaka wa 2020 nchi ikapata Kamishna wa Data wa kwanza, Bi. Immaculate Kassait.

Chini ya sheria hiyo una haki ya kuambiwa habari zako zinachukuliwa kwa ajili gani. Una haki ya kuona kile kilichoandikwa kukuhusu, kukataa kisitumiwe kwa jambo lingine, kusahihishiwa kilicho na makosa na kufutiwa kilicho cha uongo. Mwenye kushika habari zako akiibiwa au zikivuja kwa njia inayoweza kukudhuru, anatakiwa amjulishe Kamishna ndani ya saa 72.

Na si sheria ya kuwekwa kabatini. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna ilitangaza faini tatu kwa mara moja. Roma School ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Casa Vera Lounge, mahali pa burudani Nairobi, ilitozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu, ilitozwa 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu iliyozipata kwa wengine kuwatumia ujumbe wa vitisho na kuwasumbua kwa simu.

Tazameni waliotozwa: shule, baa na mkopeshaji. Si makampuni ya ng'ambo yenye kompyuta kubwa. Hapa Kebirigo tuna shule, tuna mahali pa burudani, na tuna wakopeshaji.

Tena si pesa tu zinazopotea. Mnakumbuka Juni 2021, Wakenya wengi walipoingia kwenye eCitizen kuangalia, wakakuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Kila mtu alijiuliza: ni daftari gani lile nililoandika jina na nambari yangu? Na mwaka wa 2023 vijana walipanga foleni Nairobi wapigwe picha ya mboni za macho na Worldcoin, wapate sarafu za kidijitali za thamani ya shilingi elfu kadhaa. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. PIN unaweza kuibadilisha kesho asubuhi. Jicho huwezi.

Anza na simu yako

Sasa twende kwenye kazi. Toeni simu, hata zile za kabambe. Mengi ya haya hayahitaji intaneti.

Kwanza, bonyeza *106#. Utaonyeshwa nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kuna watu wamesajiliwa laini chini ya mwavuli barabarani, wakaambiwa “haijakubali, weka kidole tena,” na mara ya pili ikasajiliwa laini ya mtu mwingine. Ukiona nambari usiyoijua, iripoti kwa kampuni ya simu. Siku ambayo laini hiyo itatumika kwa uhalifu, jina litakaloonekana ni lako.

Pili, wateja wa Safaricom, bonyezeni *100*100#. Hatua hiyo inazuia laini yako kuhamishiwa kadi nyingine na wakala yeyote. Ukipoteza simu, itakubidi uende mwenyewe kwenye duka la Safaricom na kitambulisho chako. Ni usumbufu kidogo. Shangazi yangu angeupenda usumbufu huo.

Tatu, PIN. Mwaka wako wa kuzaliwa uko kwenye kitambulisho, na kopi ya kitambulisho tumeona inakoishia. Tafuta tarakimu ambazo haziko kwenye karatasi yoyote. PIN ya M-Pesa isiwe sawa na ya benki, wala ya kufungua simu. Na usimpe mtu yeyote. Safaricom husema wazi kwamba humpigia mteja kutoka nambari moja, 0722 000 000, na hata huko hakuna atakayekuuliza PIN. Mtu akikuuliza, mazungumzo yameisha, hata kama anajua jina la babu yako.

Nne, wenye WhatsApp. Ingia kwenye mipangilio, upande wa akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, uweke PIN ya tarakimu sita. Mtu akikuandikia, hata akitumia picha ya rafiki yako, kwamba “nimekutumia nambari kwa makosa, nirudishie,” usirudishe. Hiyo ni nambari ya kufungulia WhatsApp yako. Akiipata, dakika kumi baadaye atakuwa anawaomba pesa wanachama wote wa chama chako kwa jina lako.

Tano, kabla ya kuweka programu ya mkopo kwenye simu, soma inachoomba. Kwa nini mkopeshaji anataka majina yote uliyohifadhi, picha zako na ujumbe wako? Ukimkubalia, umemkabidhi pia mama mkwe, mwalimu na pasta, na hao hawakukopa. Kanuni za Benki Kuu za mwaka wa 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha, na zinamtaka awe na leseni. Angalia kwanza kama jina lake liko kwenye orodha ya Benki Kuu. Kwa programu zilizo tayari kwenye simu, nenda kwenye mipangilio, fungua programu moja moja, ondoa ruhusa zisizohitajika. Tochi haihitaji kujua nambari za marafiki zako.

Wewe uliyeshika daftari la watu

Wafanyabiashara, sasa ni zamu yetu, na hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu mtu hulinda mfuko wake na kusahau ule alioshikiwa.

Tuanze na daftari la kaunta. Mteja anakuja kutoa pesa, unamsukumia daftari aandike jina, nambari ya kitambulisho, simu na kiasi. Anapoandika, anasoma mistari kumi iliyo juu yake. Anajua ni nani ametoa shilingi 40,000 saa nne asubuhi na ameelekea wapi. Kama ni lazima uandike, andika wewe mwenyewe, daftari likae upande wako, na ukurasa uliojaa ufunikwe. Jambo ni lile lile kwa daftari la wageni getini. Usiku lifungiwe kabatini kama vile unavyofungia pesa.

Kopi za vitambulisho. Kabla ya kuitisha, jiulize kama unaihitaji kweli au ni mazoea. Mara nyingi kukitazama kitambulisho na kumrudishia mwenyewe kunatosha. Ukiichukua kopi, mwambie ni ya nini. Na wewe unayetoa kopi, chukua kalamu, uandike juu yake, ukipita kwenye picha: “Kwa ajili ya kujiunga na chama fulani pekee,” na tarehe. Kopi yenye maandishi hayo haimfai mtu kuombea mkopo mahali pengine. Kazi ikiisha, karatasi ichanwe vipande vidogo au ichomwe. Isiuzwe kwa kilo.

Wenye saiba, ninyi mmeshika kijiji kizima. Mzee anakuja kujaza marejesho ya KRA, kijana anakuja kuomba HELB, mama anataka cheti kwenye eCitizen. Wengi wao hawana barua pepe, kwa hivyo mnawafungulia, mnawawekea nenosiri, na nenosiri hilo linaandikwa kwenye daftari lenu. Najua mnafanya hivyo kwa wema, kwa kuwa mwaka ujao mzee atarudi akiwa amesahau. Lakini siku daftari hilo litakapoibwa, watu mia mbili watakuwa wamevuliwa nguo. Mwache mteja aandike nenosiri lake mwenyewe, hata akichukua dakika tano kutafuta herufi. Mwandikie kwenye karatasi yake, aende nayo nyumbani. Akimaliza, ondoka kwenye akaunti yake, futa faili zake alizopakua na vitambulisho alivyoskani. Kila jioni, kabla ya kuzima, safisha kompyuta kama unavyofagia duka.

Nanyi wateja wa saiba, kaa kando ya mhudumu, usimwachie karatasi ukaenda sokoni. Usiondoke kabla ya kuona akaunti yako imefungwa na kitambulisho kimetolewa kwenye mashine. Vitambulisho vingi vilivyopotea vilisahaulika chini ya kifuniko cha mashine ya kopi.

Vyama na vikundi. Mwekahazina anapiga picha ukurasa wa michango, wenye majina, nambari na madeni, anautuma kwenye kundi la WhatsApp. Ndani ya kundi mna wanachama walioacha kuja miaka miwili iliyopita, na wengine walibadilisha laini, na laini hizo sasa zina wenyewe wapya. Chunguzeni mara kwa mara kundi lina nani. Hesabu zisomwe mkutanoni, na madeni ya mtu aambiwe mwenyewe.

Walimu na wenye shule, picha ya mtoto inahitaji idhini ya mzazi. Fomu ya ruhusa ni karatasi moja, na mmeona faini ni kiasi gani.

Kwa biashara ndogo nina mawili zaidi. Kama unaweza, pokea malipo kwa nambari ya tili badala ya kubandika nambari yako ya nyumbani ukutani. Pesa za biashara zitakaa kando, na simu ya usiku haitakuwa ya mtu aliyesoma ukuta wako. Pia weka nakala ya akiba ya kumbukumbu zako. Nimekutana na mwenye duka ambaye madeni yote ya wateja yalikuwa kwenye simu moja. Simu ikaanguka kwenye maji, na wadaiwa wote wakapumua. Kila wiki nakili hesabu zako mahali pa pili, kwenye akaunti yako ya mtandaoni yenye nenosiri imara au hata kwenye daftari linalobaki nyumbani.

Swali ambalo naulizwa mara nyingi ni kama duka dogo linalazimika kujisajili kwa Kamishna. Kanuni zinaachilia biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Lakini msamaha huo hauzihusu kazi fulani hata zikiwa ndogo, kama vile afya, elimu, mikopo na malazi. Na hata aliyeachiliwa kujisajili hajaachiliwa kutunza. Kopi iliyo kwenye droo yako inalindwa na sheria ile ile.

Likishatokea

Ukigundua umetapeliwa, saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Chukua simu ya jirani, pigia kampuni yako ya simu, uombe laini na akaunti ya pesa zifungwe. Kwa Safaricom ni 100, na kwa M-Pesa ni 234. Ikiwa ni wewe uliyetuma pesa, tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kuomba zirudishwe. Kabla hazijatolewa kuna nafasi. Nambari ya tapeli itume kwa 333. Pigia benki au Sacco yako. Kisha nenda kituo cha polisi, uandikishe, upewe nambari ya OB. Simu yako ikipoteza mtandao ghafla na ya jirani inafanya kazi, usingoje mvua iishe.

Kama ni mtu au ofisi iliyotumia vibaya habari zako, andika malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kupitia tovuti yao, odpc.go.ke. Hulipi kitu, na sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90. Weka ushahidi: ujumbe, picha, tarehe.

La mwisho kwenye orodha hii, na kwangu ndilo la kwanza: mwambie mtu. Mwambie mume, mke, mtoto, jirani. Tapeli anategemea aibu yako ili apate siku mbili zaidi na amalize kijiji. Mtoto wako akikuambia ametapeliwa, usimwite mjinga. Hatakuambia tena.

Nasi mtudai

Namalizia na upande wetu. Serikali imeshika habari zenu nyingi kuliko mtu yeyote: za hospitali, za basari, za ardhi, za leseni za biashara. Mkija ofisini mkaitishwa kopi ya kitambulisho, mna haki ya kuuliza ni ya nini, na mjibiwe kwa heshima. Mkiona orodha yetu ukutani au mtandaoni ikiwa na nambari za vitambulisho au simu za watu, njooni mniambie. Mkiona nimepiga picha hapa na hutaki yako ichapishwe, nionyeshe kabla hujaondoka, nitaifuta ukiangalia.

Leo jioni nawaomba mambo matatu tu, msijaribu yote kwa pamoja. Bonyeza *106#. Badilisha PIN kama ni mwaka wako wa kuzaliwa. Kisha mpigie mtu mmoja mzee katika familia yako, umwambie kwamba hakuna ofisi itakayomuuliza PIN, hata ikijua jina lake lote. Mpigie kabla ya msimu wa bonasi.

Sasa nani ana kiberiti? Tutoke nje tuchome hii karatasi ya yule mama.